Mita Mia Sita Mpaka Stesheni

11 Januari

Shangazi yangu,

Nisamehe. Barua yako ya mwezi wa tano nimekaa nayo miezi minane. Haikupotea. Iko kwenye mkoba wangu wa kazini, imeshika harufu ya sabuni na imechanika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Kila Jumapili nasema leo nakaa, namjibu Shangazi. Nakaa kweli, halafu nashtuka ni Jumatatu. Kwenye simu ungeniambia huo si udhuru, mimi ningejibu, wewe ungekata, na tungenuniana wiki tatu. Ndiyo maana tulikubaliana tutumie karatasi. Karatasi haikati.

Shikamoo, na pole na mguu. Wasichana wako mia tatu wa bweni hawajambo? Bado unawahesabu usiku na asubuhi kama vile kuna mnunuzi?

Huku tuko wazima. Mjukuu wako ana mwaka mmoja na miezi minne. Jina lake la nyumbani sasa ni Afisa, kwa sababu hakuna kitu kinachoingia ndani bila yeye kukikagua. Juzi fundi wa mabomba amekuja, Afisa kampekulia mfuko mpaka katoa koleo, kaliangalia juu na chini, kamrudishia. Baba yake anakusalimu, bado yuko kwenye oveni za mikate. Anasema lile shuka ulilotushonea halijachuja mpaka leo, na asante.

Sasa lililonikalisha chini.

Unajua tunakokaa, mwisho wa mji, ambako hata barua zinafika zimechoka. Saa kumi na moja alfajiri ninamfunga Afisa mgongoni akiwa amelala, ninampeleka kwa jirani akiwa amelala, ninapanda gari mbili na treni moja mpaka hospitali. Kutwa ninalisha mashuka kwenye mashine, jioni ninarudi vilevile. Nimehesabu, Shangazi: saa tano kwa siku niko njiani. Afisa alipiga hatua yake ya kwanza siku ya Jumatano. Niliambiwa na jirani.

Mwezi uliopita wamebandika tangazo stesheni. Nimelisoma mara nne, mara ya nne kwa sauti, watu wakanisogelea kama ninahubiri. Manispaa wamebadilisha sheria ya ujenzi. Ile ya zamani unaikumbuka: karibu na stesheni kiwanja kimoja nyumba moja, isiwe na ghorofa, na kila familia iwe na nafasi ya kuegesha gari, hata familia isiyo na baiskeli. Mpya inasema kiwanja chochote kilicho ndani ya mita mia sita kutoka lango la stesheni kinaruhusiwa ghorofa mpaka tatu, familia kadhaa, na habari ya maegesho wameifuta. Wanataka watu wakae wanapoweza kwenda kazini kwa miguu na treni.

Shangazi, nyumba ya Bibi. Vyumba vitatu, bati limechoka, na kiwanja chote kile nyuma kinaota nyasi. Ukisimama mlangoni unasikia wakitangaza treni ya kwanza.

Ushirika wetu wa nyumba wa wafanyakazi wa hospitali wako tayari kujenga. Ghorofa tatu, familia nane. Sisi wenye kiwanja tunapewa mbili: ya chini yako, usipande hata ngazi moja, na ya juu yake yangu. Kutoka pale mpaka kazini kwangu ni treni ya dakika kumi na mbili. Ningemwamsha mtoto wangu mwenyewe, Shangazi. Ningemwona akifumbua macho.

Bibi alikuandikia wewe kile kiwanja, na bila wewe sifanyi kitu. Mpima wa manispaa anakuja mwezi ujao kupima viwanja vyote vya mtaa ule. Nijibu upesi, hata kama mimi sikukujibu upesi.

Mwanao,
Kichwangumu


3 Februari

Kichwangumu wangu,

Ulikwisha kusamehewa kwenye sentensi ya kwanza. Hizo nyingine nilizisoma kwa starehe tu.

Marahaba. Mguu upo, tunavumiliana. Wasichana nao wapo, mia tatu na wanne sasa. Hao wanne wa ziada wamehamia kutoka shule iliyoungua jiko, na wanakula kana kwamba na sisi tutaungua kesho. Mwalimu mkuu ananiita matroni mbele ya wageni, na wageni wakiondoka ananiita mama. Sijalalamika.

Nilipofika pale pa hatua ya Jumatano nilivua miwani, nikaipangusa, nikaivaa, nikaivua tena.

Jengeni. Ndiyo jibu langu, na ungelipata hata ungeomba kwa mistari miwili. Ile nyumba Bibi yako aliijenga akiwa na watoto wawili na ndoo moja, na hakuijenga ili iote nyasi. Mwambie mwenyekiti wa ushirika aniletee karatasi, nitatia sahihi.

Nina masharti mawili. La kwanza ni Fundi. Amekaa chumba cha mbele tangu hujaanza shule, na ulipokuwa huna mtu wa kukufungulia mlango ulipotoka darasani, yeye ndiye aliyefungua. Msije mkamwambia "Mzee, tutakutafutia mahali." Yeye ana mahali, na mahali pake ni pale. Mpeni chumba cha chini chenye nafasi ya kuweka vyombo vyake vya uashi.

La pili, ukuta wa nyuma msiuguse. Hilo halina maelezo.

Nimemshonea Afisa kofia mbili. Akishaikagua ya kwanza, mpe ya pili.

Shangazi yako


22 Februari

Shangazi,

Asante. Nimeanza na hilo kwa sababu niliposoma neno "Jengeni" nilikuwa kazini, nikakaa chini kwenye rundo la mashuka machafu ambalo kwa kawaida hatuligusi bila glavu. Mwenzangu akauliza, "Umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimepata shangazi. Akasema shangazi ulikuwa naye. Nikasema basi nimempata tena.

Kofia zimefika. Ya kwanza ameikagua na kuitupa, ya pili ameikagua na kulala nayo. Fundi nimemsomea sharti lako mbele ya mwenyekiti wa ushirika. Akakohoa, akaenda kuosha mwiko ambao ulikuwa safi.

Sasa nakuja kwenye siku ya kupima. Usikasirike mpaka ufike mwisho.

Mpima ni dada mmoja mfupi mwenye buti kubwa. Ana gurudumu lenye mpini, anatembea nalo kutoka lango la stesheni mpaka mlangoni kwako, na gurudumu linahesabu mita lenyewe. Kumbe hawapimi kama ndege anavyoruka. Wanapima njia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kupita kwa miguu. Basi akatoka langoni, akafuata barabara, akazunguka ghala, akazunguka shule ya chekechea, akarudi kwetu. Mia saba arobaini na mbili. Akatikisa kichwa.

Nikamwambia dada, stesheni ile pale, unaona paa lake. Akasema naliona, ila kuna ukuta.

Hapo Fundi akajitokeza. Alikuwa ameamka mapema akaegemeza ngazi ya mbao kwenye ukuta.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ngazi."

"Naiona. Ya nini?"

"Ya njia. Njia ipo, mwanangu, ila hapa katikati imepanda kidogo."

"Baba yangu, sheria inasema mtu atembee. Haikusema akwee."

"Wewe pima kwanza. Kukwea na kutembea ni miguu ileile."

Na mimi, Shangazi, kwa akili za usingizi wa saa nne, nikaona nimsaidie. Nikapanda na Afisa mgongoni ili aone panapitika. Nikafika juu, nikakwama. Upande wa pili hakuna ngazi, kuna dimbwi. Treni ikapita. Afisa akaanza kuwapungia abiria mkono, nao wakampungia, gari zima. Mpima akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Umeandika nini, dada?"

"Nimeandika hapapitiki."

Lakini ana moyo. Aliponishusha alinyoosha kamba kutoka ukutani mpaka langoni, akanipa kwa mdomo: kile kichochoro kilichozibwa na ukuta kikifunguliwa hatufiki hata mia nne. Akasema, kifungueni, mwenye kiwanja aandike kwamba kinaruhusiwa kwa watu wote na hakitafungwa tena, ataingiza kwenye hati, naye atarudi kupima upya. Orodha inafungwa tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo kiwanja kinabaki kwenye sheria ya zamani, na sheria ya zamani imedumu miaka arobaini.

Nilimwuliza Fundi ukuta ulijengwa kwa nini. Akasema, "Mimi nilishika mwiko tu. Sababu aliishika mwenyewe." Halafu akanionyesha chini. Hauna msingi, Shangazi. Tofali zimekaa juu ya udongo. Alisema, "Nilijua wiki haitaisha kabla hajaniambia niubomoe. Kwa nini nichimbe?" Miaka ishirini na mmoja.

Mimi nimekua na ukuta ule. Darasa la tatu nilimng'ata mtoto sikio kwa sababu alikuita mchoyo wa njia. Uliitwa shuleni, ukalipokea kosa langu, lako hukulisema. Sikukuuliza wakati ule. Sasa nauliza. Je, naweza kuufungua?

Mwanao,
Kichwangumu


27 Machi

Kichwangumu,

Nisamehe kuchelewa, ilikuwa mitihani. Wakati wa mitihani wasichana wote wanaumwa tumbo, na mimi ndiye dawa. Mmoja alizimia kwenye hesabu, tukampepea, alipozinduka akauliza kama swali la sita bado lipo.

Mvua zimenyesha vizuri. Bweni la pili limepakwa rangi, ya kijani iliyopauka kama mboga iliyochemshwa mara mbili. Mpishi mpya ni hodari, ila anaimba. Namshonea Afisa gauni, nitumie kipimo cha kifua na cha mkono.

Karatasi ya ushirika nimetia sahihi, iko ndani ya bahasha hii. Kujenga nimekubali na sijageuka.

Ukuta uache. Tafuteni njia nyingine, huyo dada wa gurudumu anaonekana ana busara.

Msalimu Fundi. Mwambie mdomo wake unazidi kuwa mrefu na uzee.

Shangazi yako


3 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua cha Afisa sentimita arobaini na nane, mkono ishirini na sita. Amepata jino lingine, hukohuko nyuma, na ametufanya wote tulijue.

Hii barua itakuwa fupi kwa sababu naiandikia stesheni nikisubiri.

Nilikwenda tena kwa mpima. Nikampelekea na mikate ya mume wangu, akaikataa kwa adabu, akasema akiila itabidi aandike. Hakuna njia nyingine. Ghala halitahama, chekechea haitahama. Ni ukuta, au hakuna kitu.

Mimi sitagusa hata tofali moja bila neno lako. Fundi amesema kwa msukumo mmoja utaanguka, tuseme ni upepo. Nilimkatalia, nikamwambia Shangazi hakunilea kwa upepo. Ulinipa ubavu wa kitanda chako, ulinisukia nywele saa kumi na moja asubuhi kabla ya kazi, ulivaa viatu vya kushonwa ili mimi nivae vya dukani. Kila ninachojua kuhusu kumshika mtoto, mikono yangu ilijifunza kwa kushikwa na wewe. Kwa hiyo sikuibii.

Lakini pia sinyamazi. Ulinifundisha mwenyewe: mtu mzima akikataa, atoe sababu, la sivyo amekuwa mlango tu. Familia sita, mbali na sisi, zinasubiri jibu lako. Mmoja ni muuguzi wa zamu, wawili ni wenzangu wa mashukani, mwingine anatembea na mtoto mwenye miguu mibovu mabegani. Hao siwezi kuwaambia "halina maelezo".

Na mimi mwenyewe nakuomba, hata kama jibu ni hapana. Niambie ni hapana ya nini. Zimebaki siku ishirini na saba.

Treni imefika.

Mwanao


13 Aprili

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tatu. Nyingine mbili zimewashia jiko la mpishi anayeimba.

Unajua kwamba baba yako, kaka yangu, aliondoka ukiwa na miaka minne, mwaka mmoja baada ya mama yako kufariki. Alikwenda kwenye kazi ya bwawa, akasema miezi miwili. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba alipita kwenye kile kichochoro. Njia ya watu wote ilikuwa pale, asubuhi wanapita kama mia mbili, jioni wanarudi. Akakubusu, akapita, akageuka, akapunga mkono, akapanda treni.

Basi wewe ukajua baba anatokea pale. Jioni ulibeba kigoda chako ukaenda kukaa pale mdomoni mwa kichochoro. Nikasema ni mchezo. Miezi miwili ikapita, ikafika minne. Mvua ikinyesha ulikaa na beseni kichwani. Mwezi wa tano ilikuja barua yake, ya nusu ukurasa. Hakuandika yuko wapi. Aliandika kwamba harudi, na kwamba nikulee. Sikukuambia. Nilisema labda atageuza nia, na nikasema mtoto atachoka.

Hukuchoka. Ulianza kumsahau uso. Nilijua siku niliyokusikia unamwinulia kichwa kila mwanaume anayeshuka na begi, unamwuliza, "Wewe ndiye?" Kila mmoja. "Wewe ndiye?" Wengine walicheka, wengine walikupa peremende, wengine walikupita haraka maana hawakuweza.

Halafu jioni moja mtu mmoja akasema, "Ndiyo, ni mimi." Ukaacha kigoda, ukamshika mkono, mkaondoka.

Niliwapata njia panda ya sokoni. Alikuwa amelewa, alidhani ni utani, na mimi mpaka leo nasali kwamba ulikuwa utani. Wewe ulinikasirikia mimi. Uliniambia, "Umemfukuza baba." Ulinitazama hivyo siku tatu.

Asubuhi baada ya jioni ile nikamwita Fundi. Kufika jioni ukuta ulikuwa umesimama. Watu walikuja kupiga kelele, walinitukana, mmoja alitupa jiwe kwenye bati. Ningewaambia nini? Kwamba nimewafungia njia watu mia mbili kwa ajili ya kigoda kimoja? Wangenionea huruma, na huruma yao wangekuja kuimwaga mbele yako. Nikaona heri waniite mchoyo. Jina la mchoyo linabebeka.

Wiki ya kwanza ulikaa ukitazama tofali. Ya pili ulianza kuzichora kwa mkaa. Ya tatu ulikihamishia kigoda jikoni, ukakaa nami, ukaniuliza vitunguu vinalia wapi. Sikuwahi kushukuru kitu kama nilivyoshukuru ule ukuta.

Sikukataa kwa ubaya, mwanangu. Nilitaka ukue hujui kwamba uliwahi kusubiri.

Sasa umejua, na sababu ya ukuta imekwisha. Ndani ya bahasha kuna barua yangu kwa manispaa, nimeandika kwa mkono, mwalimu mkuu ameshuhudia na kugonga muhuri. Kichochoro kifunguliwe, kipitwe na watu wote, kisifungwe tena. Nimeituma kwa dereva wa lori la vitabu, si posta. Itafika mapema.

Fundi aanze kwa juu, asije akajiangushia mguuni.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi yangu,

Dereva wa lori alifika tarehe kumi na saba, kwa hiyo kwa mara nyingine nimekuweka ukisubiri. Safari hii si uchovu. Kila nilipoandika "Shangazi" sikujua neno la pili ni lipi. Nimelipata, ni dogo: asante. Asante kwa ukuta.

Asante kwa kila aliyekutukana na ukanyamaza. Asante kwa kunifuata mpaka njia panda. Asante kwa kunikasirisha siku tatu. Sasa mimi ni mama, najua mtoto akikutazama hivyo kwa saa moja tu inavyouma, wewe ulibeba siku tatu na miaka ishirini na mmoja juu yake. Nimejaribu kukumbuka kigoda. Sikumbuki. Sikumbuki beseni, sikumbuki yule mtu. Nakumbuka tofali zenye mkaa na vitunguu. Ulichotaka kilifanikiwa, Shangazi. Nilikua sijui.

Nina kinyongo kidogo, nakitaja ili kisiote mizizi: ungeniambia nilipofika miaka kumi na tano. Nisingevunjika. Basi, nimemaliza, kimetoka.

Tarehe kumi na tisa tulifungua. Fundi alikuja amevaa shati la kanisani, akaanza kwa juu kama ulivyoagiza, tofali moja moja, na kila moja anaifuta vumbi kana kwamba anairudisha dukani. Ya nne ilipotoka, ukuta wote ukakaa chini wenyewe, taratibu, kama mtu mzima aliyesimama sana. Akasema, "Nilijua ni wa wiki moja." Halafu akageukia upande mwingine muda mrefu, akaomba maji.

Hatujamaliza kuondoa kifusi, bibi mmoja akatokea upande wa stesheni na kikapu chake, akapita katikati yetu. Hakusema hodi wala asante. Alipofika barabarani akageuka: "Mmechelewa!" Hao ndio watu wako, wanakusalimu hivyo. Mtaani wameanza kuniuliza umebadilika nini. Sijamwambia mtu. Hiyo ni yako, ukija utasema au utaacha.

Mpima alirudi tarehe ishirini na nne. Mita mia tatu tisini na moja. Alipima mara mbili, mara ya pili Afisa akiwa ameshika mpini pamoja naye, kwa hiyo vipimo vimekaguliwa. Tumeandikwa namba kumi na saba kwenye orodha. Kibali cha ujenzi kinatoka mwezi wa saba kama karatasi zote zitakamilika. Muuguzi wa zamu alilia kwenye kituo cha chai, na mume wangu, ambaye unajua hasemi, alisema, "Shangazi yako ni mtu." Kwake hiyo ni hotuba.

Fundi atapata chumba cha chini mkono wa kushoto, na vyombo vyake. Ameomba yeye ndiye achimbe msingi, na ushirika wamempa kuusimamia, wachimbe vijana.

Shangazi, mwakani unastaafu. Sikuombi, nakuarifu: nyumba ya chini mkono wa kulia ni yako na haitapangishwa. Nitakuwa juu yako, utanisikia nikikanyaga. Asubuhi nitamwamsha Afisa, nitamteremsha kwako akiwa macho, nitatembea dakika tano nipande treni. Nikirudi jua litakuwa bado lipo.

Ili karatasi zikamilike, naomba unitumie kwa dereva yuleyule, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huu:

Hati halisi ya kiwanja, si nakala. Nakala wameikataa.

Fomu ya njia niliyoiweka humu, utie sahihi mahali pawili, ukurasa wa pili na wa tano. Wa tano watu wanausahau.

Nakala ya kitambulisho chako, mbele na nyuma.

Picha zako mbili ndogo, masikio yote mawili yaonekane. Najua kilemba chako. Kisogeze.

Urefu na upana wa kitanda chako, maana najua huachi kitanda chako, na mchoraji anataka kujua mlango uwe upana gani.

Jibu la neno moja: dirisha la chumba chako liangalie uani au liangalie kichochoro. Usijibu upesi. Fikiri kwanza.

Gauni la Afisa kama limekwisha, na kama halijaisha ongeza sentimita mbili kwenye mkono.

Na picha ya baba. Najua unayo, mtu kama wewe hachomi picha. Siitaki ya kusubiria. Nataka siku Afisa akiniuliza niwe na uso wa kumwonyesha. Iweke katikati ya madaftari mawili magumu, ufunge kwa uzi, isikunjike.

Mwanao,
Kichwangumu